Parkinson: Dawa zisizo za dopamini, zipi zimefika kwetu na zipi bado

Mzee anatetemeka mkono. Amepelekwa hospitali, ameambiwa ni ugonjwa wa Parkinson, na amerudi nyumbani na vidonge vidogo. Baada ya wiki mbili mkono umetulia kidogo, lakini sasa usiku anaongea na watu ambao hawapo chumbani. Familia inaanza kujiuliza: ugonjwa umezidi, ni uzee, au kuna mtu amemfanyia kitu? Lipo jibu la nne ambalo familia nyingi hazilifikirii. Huenda ni dawa yenyewe.

Makala hii inaeleza dawa za Parkinson ambazo hazifanyi kazi kupitia dopamini: zilitoka wapi, zinasaidia nini, zipi unaweza kupewa hapa Tanzania, na zipi zinahitaji uangalifu kwa mtu mzima. Imeandikwa kwa ajili ya msikilizaji anayemuuguza mzee nyumbani, awe Bunju, Mabwepande, Mapinga au kijijini mbali na hospitali kubwa.

Ugonjwa wenyewe kwa ufupi

Parkinson ni ugonjwa wa ubongo. Unawapata zaidi watu waliovuka miaka 60, ingawa wenye umri mdogo nao wanaweza kuupata. Dalili kuu ni mkono au mguu kutetemeka ukiwa umetulia, viungo kukakamaa, na mwili kuwa mzito. Mtu anachelewa kunyanyuka kwenye kiti, anatembea kwa hatua fupi fupi, anahangaika kufunga vifungo vya shati. Sauti inashuka, uso unakosa tabasamu, mwandiko unakuwa mdogo.

Daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza mwaka 1817, ndiyo maana ukachukua jina lake. Wengi wetu tuliuona kwa bondia Muhammad Ali, aliyegundulika nao mwaka 1984, miaka minne baada ya kufika Dar es Salaam. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi na Parkinson, na kwamba idadi hiyo imeongezeka maradufu katika miaka 25.

Hapa Tanzania, kazi inayojulikana zaidi ilifanyika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu wapatao 161,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini wala kupewa dawa. Utafiti mwingine wa huko huko Hai, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa watu waliuita kwa kile wanachokiona: ugonjwa wa kutetemeka. Wapo walioona ni uzee tu, na wapo waliosema ni kurogwa.

Dopamini na levodopa

Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hii ndiyo inayofanya mwendo uwe mwepesi. Kwa mgonjwa wa Parkinson seli hizo zinakufa polepole, na dalili zinapoanza kuonekana sehemu kubwa imeshapotea.

Dawa kuu ni levodopa. Hiyo ni malighafi ambayo ubongo unaigeuza kuwa dopamini. Hutolewa pamoja na kabidopa, ambayo kazi yake ni kuilinda levodopa isiishie njiani kabla ya kufika kwenye ubongo. Imetumika tangu miaka ya 1960, na mpaka leo hakuna dawa ya kumeza iliyoishinda kwa kurudisha mwendo.

Basi kwa nini watafiti wanatafuta nyingine? Sababu ni tatu.

Kwanza, ugonjwa ukishakaa miaka, levodopa haidumu mwilini kama mwanzo. Mgonjwa anakuwa sawa kwa saa chache, kisha anakakamaa kabla ya kidonge kinachofuata. Wengine wanapata tatizo la mwili kujinyonganyonga wenyewe bila hiari, hasa dawa inapokuwa imepanda.

Pili, Parkinson si kutetemeka peke yake. Kuna kufunga choo, kukosa usingizi, huzuni ya muda mrefu, kusahau, kuona vitu visivyokuwepo, na kizunguzungu mtu anaposimama. Mengi ya haya yanatokana na kemikali nyingine za ubongo, kwa hiyo kuongeza dopamini hakuyatibu vizuri.

Tatu, levodopa inatuliza dalili. Haizuii seli kufa.

Fikiria kikundi cha ngoma. Mpigaji mmoja akinyamaza, si kwamba kuna pengo tu, bali wengine nao wanasikika kupita kiasi na mdundo mzima unaharibika. Dopamini ikipungua, kemikali nyingine kama asetilikolini, glutamati na adenosini zinabaki bila wa kuzituliza. Dawa zisizo za dopamini hazimrudishi mpigaji aliyenyamaza. Zinapunguza sauti ya wale waliobaki.

Benzheksoli: kongwe kuliko zote, na ndiyo iliyo karibu

Dawa hizi zina historia ndefu kuliko levodopa. Katika karne ya 19 huko Paris, daktari Jean-Martin Charcot na wenzake waliwapa wagonjwa dawa iliyotokana na mimea ya jamii moja na mnanaha. Watu wa pwani wanaujua mnanaha kwa sumu yake: mtu akiula anakauka mdomo, macho yanafifia, akili inachanganyikiwa. Kiasi kidogo cha kemikali iliyomo kwenye mimea hiyo kilipunguza kutetemeka, kwa sababu kinazuia kazi ya asetilikolini.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 zikapatikana dawa za kiwandani zinazofanya kazi hiyo hiyo. Iliyoenea zaidi kwetu ni benzheksoli. Kwenye boksi utasoma Benzhexol, Trihexyphenidyl au Artane. Hiyo ni dawa moja yenye majina matatu.

Kwa nini inapatikana kirahisi kuliko levodopa? Kwa sababu ina matumizi mengine. Kliniki za afya ya akili huitoa kwa wagonjwa wanaokakamaa kutokana na dawa kama haloperidol na Largactil. Pia bei yake ni nafuu. Levodopa ni ghali zaidi, na mara nyingi haipatikani kwenye famasi za pembeni ya mji. Ndiyo maana mgonjwa wa Parkinson anaweza kuanzishiwa benzheksoli hata pale ambapo levodopa ingemfaa zaidi.

Benzheksoli inasaidia kutetemeka, hasa kwa mtu ambaye bado ana nguvu na umri wake si mkubwa. Haisaidii sana mwili kuwa mzito wala kushindwa kutembea. Na kwa mzee ina gharama yake:

- Mdomo kukauka, macho kuona ukungu, na choo kuwa kigumu, ambacho kwa mgonjwa wa Parkinson tayari ni tatizo.
- Mkojo kushindwa kutoka, hasa kwa mwanaume mwenye tezi dume iliyovimba.
- Presha ya macho kupanda kwa mwenye tatizo hilo.
- Kusahau, kuchanganyikiwa na kuona vitu au watu wasiokuwepo.
- Jasho kupungua. Kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa Januari hili si dogo, kwa sababu mwili usiotoa jasho unapata moto kupita kiasi.

Ukiona mzee wako ameanza kuchanganyikiwa baada ya kuanzishiwa dawa hii au baada ya dozi kuongezwa, usisubiri tarehe ya kliniki. Rudi hospitali na boksi la dawa mkononi. Lakini usiikatishe ghafla wewe mwenyewe. Mtu aliyezoea benzheksoli akiachishwa siku moja, kutetemeka na kukakamaa vinaweza kurudi kwa nguvu. Daktari ndiye anayeipunguza hatua kwa hatua.

Amantadini: dawa ya mafua iliyogeuka

Amantadini iliruhusiwa Marekani mwaka 1966 kwa ajili ya kujikinga na mafua makali. Mwaka 1968 mwanamke mmoja mwenye Parkinson alimweleza daktari wake huko Boston, Robert Schwab, jambo la ajabu. Alipokuwa akimeza dawa hiyo ya mafua, kutetemeka na kukakamaa vilipungua. Alipoiacha, vikarudi. Daktari hakumpuuza. Yeye na wenzake waliwajaribu wagonjwa wengine, na matokeo yakachapishwa mwaka 1969.

Baadaye ilieleweka kwamba dawa hii inapunguza kazi ya glutamati. Leo faida yake kubwa ni kwa wale waliotumia levodopa kwa miaka na sasa miili yao inajinyonganyonga bila hiari. Mwaka 2017 Marekani iliruhusu aina yake inayoyeyuka taratibu mahsusi kwa tatizo hilo.

Kwetu amantadini si dawa ya kuikuta kila mahali. Ukiandikiwa, fahamu kuwa inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, kuchora ngozi madoa kama wavu, na kwa wazee kuleta maruweruwe. Mwenye matatizo ya figo lazima amwambie daktari kabla, kwa sababu dawa hii hutoka mwilini kupitia figo.

Kahawa na dawa iliyozaliwa kutokana nayo

Wazee wa kijiwe cha kahawa watalipenda hili. Mwaka 2000 utafiti uliowafuatilia kwa miaka mingi wanaume zaidi ya 8,000 huko Hawaii ulionyesha kuwa wanywaji wa kahawa walipata Parkinson kwa nadra kuliko wasiokunywa. Kafeini iliyomo kwenye kahawa inazuia adenosini, kemikali inayofanya mwendo uwe mzito.

Je, basi kahawa ni dawa? Watafiti walijaribu. Wagonjwa walipewa kafeini, wengine wakapewa kidonge kisicho na kitu, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kuwa kafeini haikuboresha mwendo wao. Kwa hiyo kunywa kahawa yako kama unaipenda, ila usiitegemee kutibu Parkinson.

Wazo la kuzuia adenosini, hata hivyo, lilizaa dawa. Istradefilini iliruhusiwa Japani mwaka 2013 na Marekani mwaka 2019. Haitumiki peke yake. Inaongezwa juu ya levodopa ili kupunguza zile saa ambazo mgonjwa amekakamaa. Mamlaka ya dawa ya Ulaya iliikataa mwaka 2021, kwa kuona ushahidi wa faida yake haujatosha. Dawa moja, data zile zile, hukumu mbili tofauti. Hilo linatukumbusha kuwa dawa mpya si lazima iwe muujiza.

Maruweruwe na kusahau

Ugonjwa ukiendelea, baadhi ya wagonjwa huona watu au wanyama wasiokuwepo, hata kama hawatumii benzheksoli. Hapa ndipo makosa ya hatari hufanyika. Mzee akipiga kelele usiku, ni rahisi kupewa haloperidol au Largactil ili atulie. Dawa hizo zinazuia dopamini, ile ile ambayo tayari imemwishia. Mgonjwa wa Parkinson akipewa anaweza kukakamaa kabisa, kushindwa kumeza na kushindwa kutembea.

Mwaka 2016 Marekani iliruhusu pimavanserini, dawa ya maruweruwe ya Parkinson inayofanya kazi kupitia serotonini bila kugusa dopamini. Zipo pia dawa za zamani zaidi, klozapini na kwetiapini, ambazo madaktari hutumia kwa dozi ndogo. Klozapini inataka vipimo vya damu mara kwa mara. Lakini hatua ya kwanza haina gharama: daktari apitie dawa zote za mgonjwa na kupunguza zile zinazochanganya akili. Benzheksoli huwa ya kwanza kuangaliwa.

Kwa wanaosahau sana, kuna rivastigmini, iliyoruhusiwa Marekani kwa tatizo hilo mwaka 2006. Kazi yake ni kuongeza asetilikolini. Hapo utaona kitu: benzheksoli inaishusha asetilikolini ili mkono utulie, rivastigmini inaipandisha ili kumbukumbu irudi. Mgonjwa akipewa zote mbili, moja inavuta huku na nyingine inavuta kule. Ukiona dawa hizi mbili kwenye mfuko mmoja, muulize daktari.

Dawa nyingine ya kuwa nayo macho ni ya kichefuchefu, metoclopramide, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil. Nayo inazuia dopamini na inaweza kuzidisha Parkinson. Ni dawa ya kawaida sana, kwa hiyo muuguzaji ndiye wa kusema mapema: "Mgonjwa huyu ana Parkinson, je, hii inamfaa?"

Je, kuna dawa ya kuzuia ugonjwa usiendelee?

Mpaka sasa hakuna iliyothibitishwa. Zipo zinazojaribiwa, na mbili zinatoka kwenye makabati tunayoyajua.

Ya kwanza ni dawa za kisukari. Mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walitangaza kuwa wagonjwa 156 walijaribiwa kwa lixisenatide, na kwa mwaka mmoja waliopewa dawa hiyo hawakuzorota kimwendo kama wenzao, ingawa tofauti ilikuwa ndogo na wengi walipata kichefuchefu. Mwaka 2025 yakaja matokeo ya Uingereza ya ndugu yake, exenatide, kwa wagonjwa 194 waliofuatiliwa karibu miaka miwili. Haikusaidia. Jaribio dogo la awali la mwaka 2017 lilikuwa limeleta matumaini makubwa. Ndivyo utafiti unavyokwenda.

Ya pili ni ambroksoli, dawa ya kikohozi. Inaongeza nguvu ya kimeng'enya kinachosafisha taka ndani ya seli, kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jini iitwayo GBA1. Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Nigeria, walitangaza kuwa wamegundua badiliko la jini hiyo linaloongeza hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika, ambalo halikuwa limeonekana kwa Wazungu. Kwa hiyo dawa zinazolenga jini hii zinatuhusu moja kwa moja. Lakini kununua chupa ya dawa ya kikohozi dukani na kumnywesha mzee si tiba. Dozi inayojaribiwa ni kubwa kuliko ya kikohozi, na kama inafanya kazi bado ndilo swali lenyewe.

Waafrika hawajashirikishwa vya kutosha kwenye majaribio haya. Mwaka 2022 ulianzishwa mradi wa kuboresha huduma za Parkinson katika nchi saba za Afrika: Misri, Ethiopia, Ghana, Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania.

Vipi kuhusu upupu?

Swali hili lina msingi. Mbegu za upupu, ule ule unaowasha, zina levodopa. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 18 wa Bolivia waliopewa unga wa mbegu hizo, na kwa muda mfupi mwendo wao ulikuwa mzuri kama wa waliopewa kidonge. Jaribio lililofuata la wiki 16 halikwenda vizuri hivyo: wagonjwa walikuwa 14, na nusu yao walishindwa kuendelea kwa sababu ya matatizo ya tumbo au mwendo kuzorota.

Kwa hiyo upupu si njia ya kukwepa dopamini. Ni levodopa isiyopimwa na isiyo na kabidopa. Anayemeza levodopa kisha akaongeza upupu anajipa dozi mbili bila kujua. Ikiwa mgonjwa tayari anatumia, mwambie daktari wazi bila kuona aibu.

Ukienda hospitali

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu na uombe rufaa. Kwa upande wetu wa Kinondoni rufaa mara nyingi hupitia Mwananyamala kabla ya kufika Muhimbili. Kabla ya kupanda daladala, jiandae hivi:

1. Beba maboksi ya dawa zote, zikiwemo za presha, kisukari, kichefuchefu na za mitishamba. Kama huwezi, zipige picha kwa simu.
2. Mrekodi mgonjwa kwa video akitembea na akinyanyuka kwenye kiti, wakati yuko vizuri na wakati amezidiwa. Daktari atamwona kwa dakika chache tu, video itamwonyesha siku nzima.
3. Andika saa anazomeza dawa na saa anazokakamaa.
4. Taja yote, hata yasiyo ya kutetemeka: choo, usingizi, kusahau, maruweruwe, kuanguka.
5. Uliza maswali matatu: Hii ni levodopa au ni nyingine? Inatibu dalili ipi? Ikimchanganya akili nifanye nini?
6. Uliza kama levodopa inapatikana, wapi na kwa bei gani, ili msije mkaishiwa ghafla.

Na pale nyumbani, mazoezi ya kutembea kila siku, maji ya kutosha na vyakula vyenye nyuzinyuzi kama mboga za majani na mapapai vinasaidia mwendo na choo. Dawa yoyote ya Parkinson, iwe ya dopamini au si ya dopamini, isianzishwe, isiongezwe wala isikatishwe bila mtaalamu wa afya kujua.